"I missed you" iliniponza

Jamani, Kiingereza kinaweza kumtoa mtu ushamba, lakini pia kinaweza kumtoa machozi. Mwenzenu kilinitoa machozi mwaka 1997, na neno lenyewe ni hilihili mnalolipenda vijana wa mjini: miss.

Siku hiyo nilirudi gheto kwangu Magomeni saa mbili usiku, nikakuta kikaratasi chini ya mlango. Mwandiko niliujua. Kimwana niliyekuwa namzimia miezi sita bila kuthubutu kumwambia, alikuwa ameandika kwa ung'eng'e: "I came to see you but I missed you."

Basi bwana, nikaruka juu! Kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, miss ni kumkumbuka mtu kwa hamu. Nikajisemea, kumbe mtoto naye anaumia! Nikaona nisiwe na papara, mwanamume lazima aringe kidogo. Siku tatu nikajikausha. Ya nne nikanyoosha shati kwa pasi ya mkaa, nikajipulizia manukato, huyooo, hadi kwao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mwenzio kaondoka juzi na treni ya Mwanza, kahamia kwa kaka yake. Alikuja kukuaga, anasema hakukukuta."

Hakukukuta! Nikahisi manukato yote yamenikauka mwilini.

Usiku nikaazima kamusi. Kumbe kitenzi kile kina mambo! Ukichelewa basi, ume-miss. Mpira ukipita pembeni ya goli, ume-miss. Ukimfuata mtu kwake usimkute, ni hilohilo. Halafu ndiyo inakuja hamu. Kiswahili chetu hakina utani huo: kumkosa mtu ni mbali, kumkumbuka ni mbali. Na kama ningelitazama vizuri lile "but", ningeshtuka. Nani anasema "nimekuja kukuona, lakini nina hamu nawe"?

Siku hizi kila mtu anaandika "nimekumisi" kwenye simu, na hapo mjini hakuna anayekosea, maana tumechukua hamu peke yake, mengine tumewaachia wenyewe. Lakini ukiandikiwa kwa Kiingereza, ndugu yangu, usiringe siku tatu. Nenda siku ileile ukaulize.

Mimi yule binti nime-miss kwa maana zote mbili: nilimkosa, na hadi leo namkumbuka.