Nyumba Nzima kwa Betri Moja

Gari letu si la fahari. Ni HiAce kuukuu iliyobeba abiria miaka mingi kabla ya kufika mikononi mwetu. Tuling'oa viti vya nyuma, tukatengeneza vitanda vya mbao, kabati la vyombo, pahali pa jiko la gesi, tangi la maji lenye pampu ndogo, na friji ya kufunguliwa kwa juu kama sanduku. Chini ya kitanda tukaweka betri ya pili, isiyohusika na ile ya kuwashia injini, na juu ya paa paneli moja ya sola ya wati 100. Fundi aliyetufungia umeme alitukabidhi ufunguo akasema, "Sasa mna nyumba." Nasi tukamwamini.

Tulikuwa watu sita: sisi wazazi wawili, watoto watatu, na mama yetu, ambaye watoto humwita Nyanya nasi tukazoea kumwita hivyo hivyo. Nyanya ana kisukari, na hujidunga insulini asubuhi na jioni. Siku ya safari alikuwa na vichupa vitatu, kimoja cha kutumia na viwili vya akiba. Friji ile ilinunuliwa kwa ajili ya vichupa hivyo. Sharubati za watoto zilikuja baadaye, zikajitwalia nafasi kubwa kuliko mwenye nyumba.

Tulitoka Mombasa baada ya sala ya Alfajiri, katika likizo ya Disemba, kwa barabara kuu ya Nairobi. Mackinnon Road tulisimama kwenye msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, kama wafanyavyo wasafiri wengi wa njia ile, tukanyoosha miguu na kunywa maji. Voi tukaiacha barabara kuu, tukashika njia ya Taveta: Mwatate na mashamba yake ya katani, Bura, kisha Maktau, na kutoka hapo nyika nyekundu pande zote mbili. Reli ya zamani inayofuatana na barabara hiyo ilijengwa kwa haraka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakijiandaa kupigana na Wajerumani waliokuwa wameishika Taveta. Kabla ya kufika mjini kuna kilima cha Salaita, kilichopiganiwa Februari 1916. Watoto walitazama wakitafuta mizinga, hawakuona ila miba.

Ziwa Jipe liko kusini ya Taveta, mpakani. Nusu yake ni ya Kenya na nusu ya Tanzania, na ng'ambo ya maji husimama milima ya Upare kama ukuta. Mto Lumi huliletea maji kutoka upande wa Kilimanjaro. Kando kando limezungukwa na matete mengi, na ndani ya matete hayo wamo viboko. Ndovu nao huja kunywa. Tulifika kambini saa kumi alasiri, jua likiwa bado kali, tukafanya alivyofanya kila mtu wa pwani aliyewahi kuegesha gari: tukalitia chini ya mti mkubwa wenye kivuli. Paneli yetu ya sola nayo ikapumzika kivulini pamoja nasi.

Jioni ile tuliishi kama tulivyozoea nyumbani. Taa tatu ziliwaka. Tulikuwa na inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri wa volti 12 ukawa kama umeme wa ukutani, nayo iliwashwa tangu tulipofika ili simu na tableti zipate chaji. Tulichemsha chai kwa birika la umeme mara mbili. Friji ilifunguliwa na kufungwa, sijui mara ngapi, kila mtoto akitaka kujua kama sharubati imekuwa baridi. Baada ya Isha tukawasha feni ndogo, tukalala tukitazama taa za vijiji vya Upareni zikimetameta ng'ambo.

Saa nane za usiku kilichotuamsha ni ukimya. Friji ilikuwa haiungurumi, feni imesimama. Tukamulika mita ya betri kwa tochi: volti 11.4. Friji za namna hii hujizima zenyewe betri inaposhuka sana, ili isiharibike. Ni hekima ya mtengenezaji, lakini mtengenezaji hakuwa na vichupa vya insulini ndani.

Tulitaka kuwasha injini ili ijaze betri. Tukakumbuka kuwa watoto wamelala, Nyanya ana kifua, na moshi wa gari lililosimama huingia ndani bila kubisha hodi. Kutoka nje kwenda kuomba msaada hakukuwezekana: palikuwa na kitu kikubwa kinachovunja matawi karibu nasi, hatukutaka kujua ni nini. Mmoja wetu akanyoosha mkono aifungue friji, aone hali ya vichupa.

"Acha, mwanangu," Nyanya akasema kutoka kitandani kwake. Kumbe hakuwa amelala. "Baridi iliyomo imo. Ukifunua, itatoka yote."

"Labeka, mama."

Tukachukua mablanketi mawili tukaifunika friji, tukiacha wazi upande wa matundu ya injini yake ikiwa itaamka. Ndani mlikuwa na chupa sita za maji tulizozigandisha nyumbani, na hizo ndizo zilizokuwa tegemeo letu. Kichupa anachokitumia hakikuwamo. Nyanya hakuwahi kukitia friji hiyo. Alikuwa nacho ndani ya kikopo kikavu, kikopo ndani ya mtungi mdogo wa udongo, mtungi umezungushiwa kanga mbichi dirishani. Tulipokuwa tukipakia mizigo Mombasa tulimcheka kidogo kwa kubeba mtungi ule. Katika hewa kavu ya nyika maji hukauka upesi kwenye udongo na nguo, na yanapokauka huondoka na joto. Mombasa, kwa unyevu wa hewa yetu, mtungi hauwezi kazi hiyo kwa kiasi hicho. Jipe uliiweza.

Hatukulala tena. Baada ya sala ya Alfajiri, kabla ya jua kutoka, tulifunua friji mara moja tu tukasoma kipimajoto: nyuzi 11. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Tukafunga.

Tukakaa chini na karatasi kuhesabu. Betri yetu ilikuwa ya ampea-saa 100, yaani inaweza kutoa ampea moja kwa saa mia. Nyanya aliposikia akasema tuviite vibaba, tukaviita vibaba. Betri ya risasi na asidi kama yetu haifai kumaliziwa vyote mia. Ukipita nusu mara kwa mara unaiua. Basi tulikuwa na vibaba 50 tu vya halali. Friji, ikiwa kwenye joto, huvuta ampea 4 na hufanya kazi kama nusu ya muda: kwa saa kumi, vibaba 20. Taa, 5. Simu na tableti, 6. Feni, 4. Inveta, hata pasipo kitu kilichochomekwa, yetu hula karibu kibaba kimoja kila saa: 10. Na birika, lenye wati 1000, huvuta ampea zipatazo 90. Dakika sita za kuchemsha ni vibaba 9, mara mbili 18. Jumla 63.

Birika ndilo lililotushangaza. Dakika kumi na mbili za chai zilikaribia kula sawa na saa kumi za friji. Kila chombo kinachotengeneza joto kwa umeme, birika, pasi, kikausha nywele, kina tabia hiyo hiyo, na wauzaji wa inveta wakikuambia kuwa itaendesha kila kitu, waulize kwa muda gani.

Lakini hata hesabu hiyo haikutosha, kwa sababu tulidhani injini ilikuwa imeijaza betri njia nzima kutoka Mombasa. Tulipofika Taveta asubuhi ile, fundi wa umeme wa magari alifuata waya kwa kidole kutoka mbele hadi chini ya kitanda, akatikisa kichwa. Waya ulikuwa mwembamba na mrefu, na volti nyingi zilipotea njiani. Betri ilikuwa ikidondokewa badala ya kumiminiwa. Baya zaidi, haukuwa na fyuzi. Waya mwembamba usio na fyuzi, ukigusana na bodi ya gari, huwaka moto, na juu yake walikuwa wamelala watoto. Tulikaa kimya kitambo. Yule aliyetufungia hatukumpigia simu siku ile. Hasira zetu zilikuwa bado mbichi.

Fundi akaweka waya mnene na fyuzi mbili, moja karibu na kila betri. Wakati huo sisi tulikuwa kwenye duka la dawa. Mfamasia alitusomea karatasi iliyomo ndani ya pakiti: aina ile ikishafunguliwa yaweza kukaa nje chini ya nyuzi 30 kwa muda wa wiki nne, na saa chache za nyuzi 11 hazikuviharibu vichupa vya akiba. Akatuonya kwamba kugandisha ni hatari kubwa kuliko vuguvugu, na kwamba insulini iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka. Basi na zile chupa zetu za barafu zilipaswa kukaa mbali na vichupa. Kisha, bila kuombwa, akavitia kwenye friji yake hadi gari likamilike. Nyanya akamwombea dua ndefu pale pale kaunta.

Tulirudi ziwani alasiri. Safari hii gari lilikaa juani na sisi tukakaa kivulini. Madirisha tuliyafunika kwa mikeka ili ndani pasiwe tanuri, maana friji kwenye tanuri haitulii. Paneli kama yetu hutoa vibaba 25 au zaidi kidogo kwa siku ya jua zuri, na friji peke yake hutaka 48 kwa usiku na mchana. Kwa hiyo tulijua hatuwezi kukaa pahali pamoja siku nyingi bila kuendesha. Inveta ilizimwa. Simu zilipata chaji njiani, injini ikiwa inafanya kazi. Chai ilichemshwa kwa gesi Magharibi haijaingia, ikatiwa kwenye thamosi. Sharubati zilihamia kwenye ndoo ya maji, na binti yetu wa kati akapewa kazi ya kusoma mita na kuandika.

Usiku ule tuliamka tena saa nane, bila sababu, kwa mazoea mapya. Friji ilikuwa inaunguruma. Mbali kidogo kiboko alikoroma.

"Mita inasemaje?" Nyanya akauliza gizani.

Binti akamulika, akajibu nusu usingizini. "Kumi na mbili nukta nne, Nyanya."