Nguruwe Tu

Usiku mmoja wa mwezi wa Julai nguruwe waliingia katika shamba la mama wakala mistari 11 ya mihogo. Nahesabu mistari kwa sababu ndivyo anavyohesabu yeye. Asubuhi nilimkuta amesimama katikati ya mashimo, mkononi ana kipande cha muhogo kilichotafunwa upande mmoja, na hakuniambia kitu. Mihogo ile ilikuwa ada ya mdogo wangu, anayesomea ukunga mjini. Mnunuzi tulikwisha kuelewana naye.

Shamba letu liko kusini mwa Unguja, kwenye maweni. Asiyezoea akipelekwa pale hataamini kwamba panalimwa: mawe ya matumbawe makali kama vigae, na udongo uko katika vishimo tu, kidogo hapa, kidogo pale. Babu zetu walikusanya mawe wakajenga kuta kuzunguka mashamba, na kuta hizo zilijengwa kwa ajili ya mnyama huyuhuyu. Si nguruwe wa kufugwa aliyetoroka. Ni nguruwe pori, ana singa nyeupe mgongoni, mchana analala vichakani na usiku anatoka yeye na ukoo wake. Halimalizi shina moja ndipo aende jingine. Anachimba kwa pua, anang'oa, anaonja, anahamia. Anachoharibu ni zaidi ya anachokula.

Tulijaribu kila kitu. Tulilala dunguni, tukapiga madebe, tukatundika mashati yenye jasho. Niliweka hata redio juu ya mti. Redio ilisaidia siku nne, kisha nadhani wakaizoea taarifa ya habari.

"Tuwaite wasasi," nikamwambia mama.

"Waite. Lakini mbwa hawaingii uani kwangu."

Kwa msomaji asiye wa Unguja inabidi nieleze. Wasasi ni watu wa mbwa na mikuki. Hutoka zaidi Jumapili, kundi zima, wakaingia porini kusaka nguruwe wanaoharibu mazao. Karibu wote ni Waislamu, kwa hiyo wanamwinda mnyama ambaye hawatamla, kwa kutumia mnyama ambaye mate yake yakikugusa huna budi kujiosha mara saba, moja kwa udongo. Jirani anayefuga mbwa 8 hapendwi sana, mpaka usiku ambao nguruwe wanaingia shambani kwako. Hapo ndipo kila mtu anapokumbuka namba yake ya simu.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo mwaka wa pili huo, sina kazi, na kijijini najulikana kama "yule aliyesoma". Maana yake ni kwamba barua zote ni zangu. Na usasi, nilikuja kugundua, ni barua kabla haujawa mbwa.

Tangu Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ni ya Serikali, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 ikarudia neno hilo kwamba ardhi ni mali ya umma. Sisi tuna haki ya kulitumia shamba, na miti tuliyopanda ni yetu. Lakini kile kichaka kikubwa kilicho kati ya mashamba na bahari, ambako nguruwe wanalala, ni cha wote. Kitu cha wote kina wenyewe wengi. Nilikwenda kwa sheha wetu. Sheha akanipeleka kwa kamati ya msitu ya kijiji. Kamati ikasema lazima ajue na sheha wa pili, kwa sababu mbwa hawaijui mipaka ya shehia, na watu wake wakiona wageni wana mapanga porini watadhani ni wezi wa kuni. Mwisho nilifika kwa bwana misitu, kijana wa umri wangu, mstaarabu, akanipa masharti: nguruwe tu, bila nyavu, bila mitego, na tusikaribie mpaka wa hifadhi. Juu ya meza yake ukutani palikuwa na bango la paa nunga. Nikasaini chini ya bango hilo.

Kundi la WhatsApp nililifungua Jumanne, nikaliita Operesheni Muhogo. Kufika Alhamisi lilikuwa na watu 64, wakiwamo wawili walioko Muscat ambao walitoa maelekezo kuliko wote. Niliomba kila mtu achangie shilingi 5,000. Nilipata 38,000. Hesabu hiyo ifanyeni wenyewe.

Kazi ngumu ilikuwa gari. Wasasi walikuwa wanatoka kijiji cha mbali, wao na mbwa wao 14, na kila dereva wa keri niliyempigia alikubali mpaka nilipofika kwenye neno mbwa. Wa tano alisema atawachukua kwa 40,000, na 15,000 nyingine ya kuosha gari.

"Kuosha gari 15,000?"

"Mara saba, ndugu yangu. Na mara moja kwa udongo. Mimi nakaa mjini, unadhani udongo nautoa wapi?"

Jumapili alfajiri katika wale 64 walitokea 23. Mama alikuwa amepika chai ya tangawizi na maandazi, akaja navyo mpaka mwisho wa ua na hapo akasimama. Maweni hakuna maji, kwa hiyo tulibeba madumu mawili ya lita 20, moja la watu na moja la mbwa, na binamu yangu alipewa kazi moja tu, kuhakikisha hayabadilishani.

Mzee wa wasasi alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye kovu refu kwenye ugoko. Alitupanga pande mbili. Wachache wangeingia na mbwa kufukuza, wengine tungengoja kwenye mapito ya nguruwe. Hotuba yake ilikuwa fupi. "Mkuki unachomwa, haurushwi. Na ukisikia kitu kinakuja na hujakiona, usinyanyue mkono. Huenda ni ami yako."

Mimi na binamu yangu tuliwekwa penye pengo la ukuta. Nilikuwa na mkuki wa kuazima na viatu vya plastiki, na muda wa saa nzima sikusikia ila mbu. Kisha mbwa walianza. Nguruwe akija mbio husikii miguu yake, unasikia miti. Vijiti vinavunjika kwa mfululizo, vinakukaribia, na mwili wako unafanya uamuzi kabla yako. Wangu uliamua kupanda juu ya ukuta. Lile dume lilipita pale nilipokuwa nimesimama, likageuka mbele kidogo na kumpiga mbwa mmoja kwa pembe la jino, ngozi ya ubavu ikafunguka kama mfuko wa khanga. Mzee alitokea pembeni bila kukimbia, akachoma mara moja nyuma ya bega. Hakunitazama. Nilishuka ukutani nikijipangusa vumbi ambalo halikuwapo.

Kufika saa sita tulikuwa na dume huyo na majike wawili. Vijana kutoka bara wanaofanya kazi kwenye hoteli za ufukweni na machimbo ya mawe walikuwa wamekwisha kupata habari. Walikuja na magunia na gongo refu, wakamfunga nguruwe miguu, wakacheka na kutushukuru. Kwao huko nyama hiyo huitwa kitimoto, na si ya kutupa. Sisi tuliwatazama kwa mbali kidogo. Mmoja aliniuliza kwa dhati kabisa, "Kaka, kwa hiyo nyie mnafanya yote haya halafu hamli?" Nikasema tunakula mihogo.

Tulipumzika chini ya mti, na mzee akasimulia habari za chui. Zamani, alisema, porini huku kulikuwa na chui, na watu waliamini kwamba wachawi wanawafuga ili kuwatisha wenzao. Baada ya Mapinduzi ukaja msako mkubwa, ukiongozwa na mganga aliyeitwa Kitanzi, na chui wakauawa kila mahali. Baba yake alikuwamo. "Waliwamaliza," alisema. "Sasa jiulize, nguruwe alikuwa anamwogopa nani?" Akanyanyuka. Mapumziko yakaisha.

Katika msako wa pili mbwa walibweka kwa namna nyingine, sauti nyembamba, za haraka. Mzee alisimama. "Hao si nguruwe," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamwona anakimbia.

Tulipofika, kijana mmoja wa wasasi alikuwa amekwisha kumtoa mnyama midomoni mwa mbwa, akapiga bismillahi na kumchinja. Alikuwa paa mdogo, mwekundu, ana mkanda mweupe kwenye mapaja na madoadoa meupe miguuni, kana kwamba amepita kwenye chokaa. Nilimtambua pale pale. Nilikuwa nimekaa chini ya picha yake siku nne nyuma. Paa nunga anapatikana hapa Unguja na katika misitu ya pwani ya Kenya, Arabuko-Sokoke na ile ya Boni na Dodori, na kumwinda ni kosa.

"Kwa nini umemchinja?" nikauliza. Swali la kijinga.

"Tumbo limechanika, mguu umevunjika. Ningemwacha afe awe nyamafu?"

Sikuwa na jibu. Nikasema tu kwamba mimi ndiye niliyesaini.

"Ulisaini wewe," mmoja akasema. "Mbwa hawakusaini." Watu wakacheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko maneno, kwa sababu nami nilitaka kucheka.

Mzee hakucheka. Alisema, "Wewe ndiye mwenye shughuli. Sema."

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi tangu siku ile, na kila mara njia ni zilezile tatu. Nimpeleke nunga kwa bwana misitu, na yule kijana aliyefanya lile la huruma aingie matatani, na wasasi wasije tena kijijini kwetu. Tumzike, na wazee wawili walikwisha kutamka neno israfu. Au aliwe. Watu 22 walikuwa wananitazama, wengine hawajaonja nyama tangu sikukuu.

Nikasema, "Gaweni. Mie simo."

Nilidhani kusema hivyo kunanitoa. Sentensi fupi, safi, kama mtu anayevua viatu mlangoni.

Jioni nilijiosha miguu kwa udongo na maji nyuma ya banda, mara saba, nikihesabu kwa sauti kwa sababu mama alikuwa anasikiliza. Nilipoingia ndani nilikuta mfuko mweusi juu ya kinu. Binamu yangu alikuwa ameuleta. Paja zima. Fungu la mwenye shughuli, mzee alisema, halikataliwi.

"Paa huyu kachinjwa?" mama akauliza.

"Kachinjwa."

Hakuuliza paa gani. Sijui kama hakujua au aliamua. Alimpika kwa nazi na ndimu, akaniwekea sahani, akaniambia nile kwa sababu tangu asubuhi sijatia kitu tumboni. Nilikula. Ningependa kuandika kwamba nyama ilinikwama kooni, lakini ilikuwa tamu, laini, na niliongeza.

Jumatatu nilipeleka ripoti. Bwana misitu alinikaribisha kiti kilekile. Aliuliza watu wangapi, mbwa wangapi, kama kuna aliyeumia. Nikamwambia habari za mbwa aliyechanwa ubavu, na kwamba mzee alimshona kwa uzi wa mshipi na alikuwa anakula.

"Na mmepata?"

"Nguruwe watatu."

"Wanyama wengine?"

Bango lilikuwa juu ya kichwa chake, kwa hiyo nilipomtazama yeye nililitazama na lile.

"Nguruwe tu," nikasema.

Akaandika. Alikuwa na furaha, alisema vijiji vingine vinatega mitego ya waya ambayo haichagui, na kwamba angetamani wote wafuate utaratibu kama sisi. Akaniomba, kama sitajali, niende siku moja kwenye mkutano wa kamati ya jirani niwaeleze tulivyojipanga. Nikamwambia nitaangalia nafasi.

Mama aliuza mihogo iliyobaki. Ilitosha nusu ya ada, na nusu nyingine tulikopa. Mdogo wangu yuko chuoni. Nguruwe walikaa mbali wiki 7 au 8, kisha Septemba ukutani pakaonekana nyayo, ndogo na kubwa.

Mzee wa wasasi alinipigia mwenyewe kuniuliza tunatoka lini tena. Nilimwambia safari hii nataka awaache nyumbani wale mbwa wawili wa mbele, waliomkamata yule paa.

Alinyamaza kidogo. "Kijana wangu," akasema, "hao ndio mbwa. Wale wengine ni kelele tu."

Nikamwambia nitampigia. Barua ya pili kwa bwana misitu nimekwisha kuiandika, iko mezani, na ule mstari wa nguruwe tu nimeuandika vilevile. Bado sijaisaini. Jana usiku mama alikwenda kulala dunguni peke yake, na nilipoamka nikamkuta amerudi, anachambua mchele, akaniuliza kama mzee keshapanga siku.