Jina Kubwa Kuliko Uwanja: Kombe la Norwe la 1902

Katika uhakiki wa fasihi, jina la mhusika huchunguzwa mapema, kwa kuwa mtunzi aghalabu hulitwika mzigo ambao mhusika mwenyewe bado hajaubeba. Mashindano ya kandanda nayo yana majina, na majina hayo yana watunzi wake. Mwaka wa 1902 liliundwa Shirikisho la Soka la Norwe, na mwaka huohuo yakaanza mashindano ya mtoano yaliyoitwa Norgesmesterskapet, yaani ubingwa wa Norwe. Jina lilikuwa pana mno. Norwe yenyewe haikuwa na mfalme wake, kwani tangu 1814 ilikuwa katika muungano na Uswidi chini ya mfalme mmoja. Zaidi ya hayo, mchezo wenyewe ulikuwa wa klabu chache za Kristiania, mji uitwao Oslo hivi leo, na za miji mingine ya kusini. Waliolibuni jina hilo walilitamka taifa zima kabla ya kulikusanya.

Fainali ya kwanza ilizikutanisha Grane, klabu ya Nordstrand kando ya Kristiania, na Odd ya mji wa Skien. Grane ilishinda kwa mabao 2 kwa nunge. Mpenzi wa soka atayasoma matokeo hayo na kupita zake. Mpenzi wa hadithi hana budi kutua. Grane ni jina la farasi wa Sigurd, shujaa aliyeliua joka katika masimulizi ya kale ya Skandinavia. Odd nayo, iliyoasisiwa 1894, ilipewa jina la Ørvar-Odd, mpiga mishale wa masimulizi hayohayo. Husimuliwa kwamba mwanamke mtabiri alimwambia Odd, angali kijana, kuwa atauawa na farasi aitwaye Faxi. Odd akamuua farasi huyo, akamfukia ardhini, akaenda kuzurura duniani hadi akatimiza umri wa miaka 300. Aliporudi kwao, nyoka akachomoka katika fuvu la farasi yuleyule, akamgonga mguuni, akafa. Basi mwaka wa 1902 Odd wa kandanda naye aliangushwa na farasi! Hiyo ni sadfa tupu, lakini ni sadfa ambayo mtunzi yeyote angeona haya kuibuni. Wanaoujua Utendi wa Fumo Liyongo, shujaa mwingine wa upinde ambaye siri ya kifo chake ilitangulia kifo chenyewe, wataelewa upesi kwa nini vijana wa Skien walitamani kuitwa kwa jina la namna hiyo.

Odd hakufa. Alitwaa kombe mwaka wa 1903, 1904, 1905 na 1906, miaka minne mfululizo, na katikati ya miaka hiyo nchi ikabadilika. Tarehe 7 Juni 1905 Bunge la Norwe lilitangaza kuvunjika kwa muungano na Uswidi, na tarehe 13 Agosti wananchi wakapiga kura ya maoni: 368,208 waliunga mkono, 184 wakakataa. Kwa mara ya kwanza bingwa wa Norwe alikuwa bingwa wa dola iliyojitegemea. Mei 1906 alifariki Henrik Ibsen, mwandishi wa tamthilia aliyezaliwa Skien mwaka wa 1828. Mwaka huo mji wake wa kuzaliwa ulimpoteza mwana na kulibakisha kombe.

Hata hivyo, hesabu ile ya kura inastahili kusomwa mara ya pili. Wote waliopiga kura walikuwa wanaume. Wanawake, ambao sheria haikuwaruhusu, walikusanya sahihi zao wenyewe, zaidi ya 200,000, ili nao wajulikane wako upande gani. Haki kamili ya kura waliipata 1913, na kombe lao la taifa la kandanda likaanza 1978.

Waliosahaulika zaidi uwanjani, lakini, ni watu wa kaskazini. Mikoa mitatu ya wakati huo, Nordland, Troms na Finnmark, ilikuwa takriban thuluthi moja ya ardhi ya bara ya Norwe. Kandanda ilichezwa huko. Klabu ya Glimt ya mji wa Bodø, ambayo jina lake maana yake ni mmweko, iliasisiwa 1916. Lakini klabu za kaskazini hazikuruhusiwa kushiriki ubingwa wa Norwe hadi 1963. Zilishindana zenyewe kwa zenyewe, zikiwa na ubingwa wa kaskazini, huku wa kusini wakiendelea kuitana mabingwa wa Norwe kwa muda wa miaka 61. Sababu ya umbali haikosi uzito: reli ya kutoka kusini ilifika Bodø mwaka wa 1962 tu. Sababu ya pili, kwamba wa kaskazini hawakuwa na kiwango cha kupambana na wa kusini, ni ya ajabu zaidi. Anayefungiwa mlango atakionyesha wapi kiwango chake? Hoja ya aina hii husikika pia katika mijadala ya fasihi, pale kazi za pembezoni zinapohukumiwa na wale ambao hawajazisoma.

Hata baada ya mlango wa kombe kufunguliwa, ule wa ligi ulibaki umefungwa. Klabu za kaskazini ziliruhusiwa katika daraja la juu la ligi kuanzia 1972, tena kwa masharti yasiyolingana. Katika daraja la pili, washindi wa makundi mawili ya kusini walipanda moja kwa moja, ilhali mshindi wa kundi la kaskazini alilazimika kupitia mechi za ziada dhidi ya timu za kusini zilizoshika nafasi ya pili.

Mwaka wa 1975 Bodø/Glimt, kama klabu hiyo ilivyokwisha kuitwa, ilifika fainali ya kombe katika uwanja wa Ullevaal mjini Oslo. Ikailaza Vard ya Haugesund mabao 2-0, ikawa klabu ya kwanza ya kaskazini kulibeba kombe lililoshindaniwa na farasi na mpiga mishale mwaka wa 1902. Msimu huohuo iliongoza pia kundi lake la daraja la pili. Bingwa wa Norwe akaingia katika mechi za ziada, hakufuzu, na mwaka uliofuata akacheza tena daraja la pili.