Nyegezi na Nazareti

Sisi tunaokaa Nyegezi tunalitaja jina la mtaa wetu kila siku bila kufikiri. Makondakta wa daladala wanaliita tangu alfajiri. Limeandikwa kwenye mabasi ya mikoani, maana stendi iko kwetu. Limo katika jina la seminari na la chuo cha uvuvi. Kwetu ni jina la nyumbani tu.

Mwaka 2018 jina hilo likawa gumzo la nchi nzima. Rayvanny, akishirikiana na Diamond Platnumz, alitoa wimbo uitwao "Mwanza", na ndani yake Nyegezi ikachezewa hadi ikasikika kama neno la tamaa ya mwili. Mwezi Novemba, Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likaufungia. Mwezi Desemba wasanii hao wakauimba jukwaani katika tamasha la Wasafi, hapa hapa Mwanza. Siku chache baadaye BASATA likawafungia wote wawili wasifanye maonyesho ndani wala nje ya nchi, kwa muda usiojulikana. Wakaomba radhi hadharani. Mwezi Januari 2019 adhabu ikaondolewa.

Katika jumuiya yetu maneno yalikuwa mengi. Wazee walisema vijana hao wametuvua nguo mbele za watu. Vijana wakasema ni utani tu, tena wimbo umeutangaza mji. Radhi ilipoombwa, wengine walisema imetoka moyoni; wengine wakasema imetoka mfukoni, kwa kuwa msanii asiyepanda jukwaani hali. Ndipo bibi mmoja akauliza: binti wa shule anayechekwa akitaja anakokaa, yeye ameombwa radhi na nani?

Swali la bibi linatusaidia kutenganisha mambo mawili. BASATA lilikuwa na mamlaka ya kufungia na kufungulia, nalo likaitumia. Lakini kusamehe si kazi ya baraza. Ni kazi ya aliyeumizwa, wala hakuna ofisi inayoweza kumfanyia. Adhabu inaweza kwisha Januari na uchungu ukabaki miaka.

Na je, kama radhi imetoka mfukoni kweli? Katika Injili ya Luka, sura ya 17, Bwana anatuagiza tumsamehe ndugu anayetukosea mara saba kwa siku moja, iwapo kila mara anarudi na kusema ametubu. Mtu wa namna hiyo, akifika mara ya nne tu, nani asingemshuku? Bwana alijua hilo, wala hakutuagiza tumpime moyo kwanza. Mizani ya mioyo aliibakiza mkononi mwake.

Tuseme pia jambo lisilopendeza. Hasira ya watu iliwaangukia wawili, lakini tamasha haliwi tamasha bila umati, na waliolipa kiingilio walitoka mitaa hii hii. Kumkasirikia mtu maarufu ni rahisi. Yuko mbali, hatukutani naye kisimani wala sokoni, na hasira yetu haitugharimu hata shilingi. Jirani aliyetutukana juu ya mpaka wa kiwanja ndiye mtihani wenyewe. Asiyeweza kusalimiana na huyo, asijisifu kwamba anatetea heshima ya mji.

Nyegezi si mahali pa kwanza kudharauliwa kwa jina. Nathanaeli alipoambiwa habari za Yesu, alitilia shaka kama chochote chema kinaweza kutoka Nazareti. Yalikuwa maneno ya kuudhi, tena juu ya mji aliolelewa Bwana mwenyewe. Filipo hakugombana naye; alimwalika aende akajionee. Na Yesu alipomwona akija, hakuanza kwa kudai radhi. Alianza kwa kumsifu kuwa ni mtu asiye na hila. Kabla mazungumzo hayajaisha, mwenye dharau alikuwa amemkiri kuwa Mwana wa Mungu. Nathanaeli alibadilika kwa sababu alikaribishwa.

Hatusemi kwamba matusi yaachwe bila kukemewa. Katika sura ile ile ya Luka, Bwana anaanza kwa kutuagiza tumkemee anayekosa, ndipo tumsamehe akitubu. Lakini lengo la kukemea ni ndugu arudi, na akirudi akute mlango wazi.

Kazi inayobaki ni ya nyumbani. Binti yule hana haja ya wimbo mwingine wa kumsafisha. Anahitaji kujua anakotoka: kwamba hapa vijana wanafundishwa kumtumikia Mungu, wengine wanajifunza uvuvi wa ziwa letu, na mama zetu wanasomesha watoto kwa kuuza dagaa. Akiulizwa anakaa wapi, ajibu kwa sauti, halafu amkaribishe aliyemuuliza.