Sanduku la Chuma la Vyombo vya Baba

Kila mgeni aingiaye katika ghala yangu huku Marangu huniuliza neno moja: "Mwalimu, umeficha fedha ngapi humu?" Huuliza kwa sababu ya sanduku kubwa la chuma lililo pembeni. Hamna fedha humo. Mna randa mbili, misumeno mitatu, patasi sita, keekee, tupa, nyundo na guni, vyombo ambavyo baba yangu alivitumia katika useremala maisha yake yote. Leo nataka kueleza jinsi nilivyolifanya sanduku hilo nyumbani kwa mikono yangu, na jinsi haraka yangu ilivyoniangusha kitandani, ili mwingine apendaye kufanya kazi kama hiyo asipite njia niliyopita mimi.

Baba alifariki mwaka 2019. Vyombo vyake vikabaki katika sanduku la mbao, juu ya sakafu ya udongo, katika chumba kilicho karibu na jiko. Hata masika ya mwaka 2021 mti ulianguka juu ya migomba ya kihamba chetu, mama akaniagiza nilete msumeno. Nalipoliinua sanduku, kitako chake kikabaki chini. Mbao zilikuwa zimeoza, dumuzi wamezitoboa, na vyombo vyote vikamwagika. Vilikuwa vyekundu kwa kutu.

Mdogo wangu, akaaye mjini, alikuwapo siku hiyo. Akasema, "Kaka, hivi sasa ni chuma chakavu tu. Wanunuzi hupita hapa kila juma. Tuvipime kwa kilo, tugawane fedha." Mama hakujibu neno. Alitandaza kanga yake chini, akaviokota kimoja kimoja, akavifunga. Nami nalipoona vile nikasema mbele yake, "Kabla ya Krismasi vitakuwa na nyumba isiyooza." Mdogo wangu akacheka, akasema, "Haya, kaka, tungoje Krismasi. Usipolifanya, tutauza."

Basi nikakusudia kufanya sanduku la chuma. Masanduku ya bati wachukuayo wanafunzi kwenda shule za bweni, yaani matranka, hayafai kwa kazi hii. Bati lake ni jembamba, na uzito wa nyundo na randa huliangusha kitako kwa muda mfupi. Nilitaka chuma kinene. Lakini nalitaka pia kupunguza gharama, na hilo ndilo lililoniponza. Nalikuwa na mabati manene ya paa la zamani. Nikayanyosha kwa nyundo, nikaazima mashine ya kulehemu kwa umeme, nikaanza kazi ndani ya ghala, milango imefungwa kwa sababu ya mvua.

Moshi mweupe ukajaa chumba, na majivu mepesi kama pamba yakaelea. Sikuyajali. Jioni kinywa changu kilikuwa na ladha ya chuma. Usiku baridi ikanishika, meno yakagongana, jasho likanitoka, na kifua kikanibana. Mke wangu akasema ni malaria, nami nikaamini. Kulipokucha tukaenda zahanati, damu ikapimwa, malaria haikuonekana. Mganga akaniuliza, "Mwalimu, jana ulifanya kazi gani?" Nalipomweleza akatikisa kichwa. Mabati ya paa, akasema, yamepakwa zinki ili yasishike kutu. Zinki ikiungua hutoa moshi, na mtu akiuvuta hupata homa baada ya saa kadha wa kadha. Homa hiyo hufanana sana na malaria, nayo kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili, lakini avutaye moshi huo mwingi aweza kuugua vibaya sana. Mafundi wengi husema kwamba maziwa huondoa sumu hiyo. Maziwa ni chakula chema, bali hayazuii moshi kuingia kifuani. Dawa yake ni kutolehemu bati la zinki, na kufanya kazi mahali penye hewa.

Nalirudi nyumbani kwa aibu, maana mimi ndiye nifundishaye watoto kusoma maelezo kabla ya kuanza hesabu. Tena nilipolitazama lile sanduku nililolianza, nikaona pande zake zimepindapinda kama jani la mgomba lililokauka. Homa ilikuwa ya bure.

Ndipo mama aliponiambia, "Mbona huendi Mamba? Huko wako watu waliozaliwa na chuma." Mamba ni jirani zetu, na wahunzi wake wanajulikana tangu zamani. Katika siku za wazee wetu chuma kilitoka Ugweno, katika milima ya Upare ya kaskazini, nao wahunzi wa Uchaga wakafua mikuki, majembe na visu. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, vyombo vya viwandani vikaletwa kwa wingi, lakini moto wa Mamba haukuzimika. Hata leo hufua kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi, na chuma chao ni chuma chakavu. Nalipoliona jambo hilo nikamkumbuka mdogo wangu. Kile alichokiita takataka, wenzetu hukigeuza kuwa kisu.

Nikamkuta mzee mmoja ameketi mbele ya fuawe yake. Nikamwamkia shikamoo, nikamwonyesha kipande cha sanduku langu kilichopinda. Akakigeuza mkononi, akasema, "Mwanangu, chuma kikipata moto hutanuka, kikipoa hujivuta. Wewe umekichoma mstari mmoja toka mwanzo hata mwisho, nacho kimejivuta kuelekea huko. Choma kidogo huku, kisha nenda upande wa pili, kisha ngoja kipoe. Chuma hakipendi mtu mwenye haraka." Sikuwahi kumwona mwalimu wa ufundi aliyeeleza jambo hilo kwa maneno machache zaidi.

Mara ya pili nalinunua mjini Moshi bati jeusi lisilo na zinki, ambalo mafundi huliita shiti, la unene wa milimeta 1.5. Upana wake ni futi 4 na urefu futi 8, na uzito wake kilo 35 hivi. Nikapima sanduku la urefu wa sentimeta 90, upana 45 na kimo 45. Upande wa mbele, kitako na upande wa nyuma nikavikata kuwa kipande kimoja, nikakibana kati ya vyuma viwili vya pembe, nikakikunja polepole kwa nyundo ya mti. Kwa njia hiyo mishono hupungua, na kitako hakina mahali pa kuachia. Kila ukingo nikautia chuma cha pembe ndani yake. Nikalehemu nje uani, uso wangu nyuma ya kioo cheusi, kipande cha sentimeta mbili hapa na kingine ng'ambo, kama alivyoniagiza mzee. Kazi ya siku moja ikawa ya siku nne, lakini guni ilipowekwa pembeni haikuonyesha mwanya.

Bawaba za dukani zilikuwa nyepesi kwa kifuniko kile. Yule mzee akanifulia tatu, pamoja na vishikio viwili na pete ya kufuli. Nikatia pia mnyororo mfupi, ili kifuniko kisiangukie vidole vya mtu. Nikalisugua sanduku lote kwa msasa, nikalipaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili.

Nalidhani nimemaliza. Asubuhi moja nikafungua, nikakuta umande ndani. Huku mlimani usiku ni baridi. Chuma hupoa upesi, na unyevu ulio katika hewa hujikusanya juu yake. Kumbe sanduku la chuma lililofungwa kabisa laweza kuharibu vyombo kuliko la mbao! Basi nikalitia miguu ya sentimeta tano ili hewa ipite chini, nikatoboa matundu madogo chini ya kifuniko, nikalitandika ndani kwa mbao za mgrivea zilizokauka vizuri. Vyombo vyenyewe nalivisugua kutu kwa mafuta ya taa, nikavinoa, na mpaka leo hupangusa kila kimoja kwa kitambaa chenye mafuta ya mashine.

Krismasi mdogo wangu alikuja. Sikumwambia neno, nalimpa ufunguo tu. Akafungua, akatazama kwa kitambo, akaitoa randa kubwa ya baba. Palikuwa na ubao wa mgrivea karibu. Akaupitisha mara moja, na kinyweleo kirefu kikatoka kimejikunja, chembamba kama karatasi. Mama alikuwa mlangoni. Akasema, "Hiyo ndiyo sauti yake." Mdogo wangu hakutaja kilo tena. Kabla ya kurudi mjini aliniomba ufunguo wa pili, nami nikampa.

Sasa liko daftari dogo juu ya sanduku. Jirani aazimaye patasi huandika jina lake na siku ya kuirudisha, maana chombo kilichofungiwa tu hakina faida, na chombo kinachozunguka pasipo hesabu hupotea. Nawe msomaji, kama una zana za mzee wako zilizolala katika gunia au chini ya kitanda, zitazame kabla ya masika yajayo. Kutu haingoji Krismasi.