Mzee wa Ileje na M301

Ndugu zangu, wiki iliyopita nimeumbuka, na nilistahili.

Niliandika habari ya bei ya kahawa nikamnukuu mzee mmoja wa Ileje. Nikamwita "mkulima wa Kinyakyusa". Gazeti lilipotoka akanipigia simu. Nikamwamkia, akaitika marahaba, kisha akasema taratibu: "Mwanangu, mimi ni Mndali. Nilikwambia." Kweli aliniambia. Imo kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nikaenda kwa mhariri kuomba masahihisho. Akacheka. "Si ni wale wale?" Hapa Mbeya mjini ndiyo kawaida: ukitokea milima ya upande ule wewe ni Mnyakyusa, hata ukiapa.

Usiku nikafukua madaftari ya chuo. Malcolm Guthrie, yule Mwingereza aliyezigawa lugha za Kibantu kwa herufi na namba katika kitabu chake cha mwaka 1948, alikipa Kinyakyusa M31, pamoja na Kingonde cha ng'ambo ya mto Songwe, kule Malawi. Kinyiha M23, Kimalila M24, Kisafwa M25. Kindali? Hakuna namba. Ipo kwenye orodha iliyopanuliwa na Jouni Maho, ile ya mwaka 2009: M301. Sifuri ya katikati ndiyo alama ya waliochelewa kuandikishwa.

Na namba zenyewe si ukoo. Guthrie alitazama sana ujirani wa kwenye ramani. Kisangu cha Usangu ni G61, Kiswahili cha Unguja ni G42, herufi moja. Lakini Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993, wanakiweka Kiswahili nyumba moja na Kipokomo na Kimijikenda, ambazo kwa Guthrie zimo kwenye E!

Kwamba Kindali na Kinyakyusa ni ndugu sibishi. Hata kaka yangu ni ndugu yangu, ila mshahara wake haujawahi kuingia mfukoni kwangu.

Asubuhi nikarudi kwa mhariri na daftari mkononi. Hakucheka tena, ingawa nadhani alinichoka tu. Nikampigia mzee kumweleza habari za M301, Guthrie na sifuri. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Sawa, mwanangu. Na gazeti?"

Masahihisho yametoka Jumamosi, mistari miwili chini ya tangazo la matairi. Mzee kaomba nakala tatu. Nimezituma kwa basi la Itumba.