Swichi ya Miguu Sita

Gari la kwanza nililolifungia feni ya umeme lilinidhalilisha mbele ya watu. Lilikuwa Land Rover la zamani la mzee mmoja wa Bulamata aliyenunua mahindi na maharage vijijini na kuyapeleka Mpanda. Feni yake ya asili, ile inayozungushwa na mkanda, ilikuwa imejikata yenyewe. Dereva aliingia kijitoni wakati wa mvua, maji yakafika usawa wa rejeta, mapanga ya feni yakapinda kwenda mbele na kuchana mirija. Kwa sisi wa Mishamo hilo halikuwa jambo geni. Kuanzia Novemba hadi Aprili barabara zetu zilikuwa nusu barabara, nusu mito.

Mzee akaniambia, "Kijana, mimi sitaki tena feni isiyosikia. Nifungie ya umeme, ikifika mtoni niizime."

Mwaka ulikuwa 2003. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimezaliwa hapo hapo Mishamo, mwaka mmoja baada ya makazi ya wakimbizi kufunguliwa mwaka 1978. Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi mwaka 1972 wakiwa na godoro moja na jembe, na lile jembe mama alilihifadhi mpaka likabaki kipande cha chuma. Mimi kilimo cha tumbaku kilinishinda mapema. Moshi wa bani, lile banda la kuikaushia, ulinitoa machozi kuliko msiba. Nikajitupa kwa fundi mmoja Muha kutoka Kigoma, mtu wa maneno machache, ambaye Kiha chake na Kirundi chetu vilitosha kuelewana bila mkalimani. Alinifundisha kulehemu waya kwa chuma kilichochomwa kwenye jiko la mkaa, maana umeme wa ukutani hatukuwa nao. Chuma kikipoa unarudisha makaani, unasubiri. Nadhani subira yote niliyo nayo imetoka kwenye jiko lile.

Feni niliipata Mpanda, imetolewa kwenye Toyota iliyokufa, pamoja na swichi yake ya joto, ile inayofungwa kwenye rejeta. Nasema "niliipata Mpanda" kana kwamba ni kwenda dukani tu. Siku zile mkimbizi hakutoka makazini bila kibali, kwa hiyo safari ya kufuata relei moja, ile swichi inayovutwa na umeme, ilianzia ofisini, kwenye benchi, na karatasi yenye tarehe ya kwenda na tarehe ya kurudi. Ukisahau fyuzi, umesahau mpaka kibali kingine. Ndiyo sababu mpaka leo nikinunua kitu kimoja nabeba vitatu.

Nikafunga. Waya mnene kutoka betri, fyuzi karibu kabisa na betri (hilo mwalimu wangu alikuwa amenipigia kelele mpaka likaingia), relei, swichi ya joto ikiipa relei ethi, na ndani kwenye dashibodi swichi ya kuzimia. Nikawasha injini. Feni ikavuma palepale, injini ikiwa baridi kama maji ya mtungi. Watu wakapiga makofi. Nikajua kuna kitu, lakini makofi ni matamu. Baada ya dakika kumi na tano, geji ilipopanda na rejeta ikaanza kunung'unika, feni ikazimika. Kadiri gari lilivyochemka ndivyo feni ilivyotulia. Utingo akasema feni hii inaogopa joto. Kicheko kilinifuata mpaka nyumbani.

Usiku ule nilichukua sufuria ya mama, nikaweka maji, nikaitumbukiza ncha ya ile swichi na kuiunganisha na betri na balbu ndogo ya testa. Balbu ikawaka maji yakiwa baridi. Nikapuliza mkaa. Maji yalipokaribia kuchemka, balbu ikazimika ghafla. Nikayatoa motoni, nikasubiri, baadaye ikawaka tena. Nilirudia mara nne. Mama akauliza kama nimeanza uganga.

Jibu lilikuwa pale sufuriani. Kwenye Toyota nyingi za zamani swichi ya joto imefungwa wakati wa baridi na hufunguka maji yakizidi nyuzi 93 hivi, halafu hufunga tena yakishuka chini ya 83. Mjapani hakukosea. Alitaka waya ukikatika, au soketi ikichomoka kwa makorongo, feni iwake yenyewe na injini ipone. Ubaya ukitokea, uangukie upande wa salama. Mimi nilikuwa nimeipa relei ya kawaida kazi iliyohitaji relei iliyofikiriwa kinyume. (Bahati nilikuwa nayo. Mishamo iko juu ya mita elfu moja, maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, kwenye 96 hivi. Ingekuwa swichi ya kufunguka kwenye 98 ningeitupa nikidhani ni mbovu.)

Nilirudi kwenye Land Rover na relei mbili. Ya kwanza ililetewa umeme gari likiwashwa kwa ufunguo, ili feni isinywe betri usiku kucha. Ya pili ilikuwa ya miguu mitano, na feni niliifunga kwenye mguu wa 87a, ule ambao unashika relei ikiwa imelala. Injini baridi, swichi ya joto imefunga, relei inavutwa, feni kimya. Injini ikipata moto, swichi inaachia, relei inalala, feni inavuma. Ukikata waya wa swichi ya joto kwa plaizi, feni inavuma. Nilikata mbele ya yule utingo, nikamtazama.

Kosa la pili sikuliona mpaka wiki mbili baadaye. Ile swichi ya dashibodini nilikuwa nimeipitishia umeme wote wa mota. Feni ile ilikula ampea kama ishirini ikizunguka, na inapoanza inameza zaidi. Walikuwa mlimani na magunia ishirini, plastiki ya swichi ikayeyuka ikamchoma dereva kidole. Hakuna wa kumlaumu ila mimi. Nikaibadilisha, nikaweka swichi ndogo ya miguu sita na mikao mitatu, inayozigusa relei tu, umeme kidogo usioweza kupasha hata kucha. Juu, feni inazunguka ukitaka usitake. Katikati, imezimwa. Chini, inajiamulia. Niliandika mikao hiyo kwa rangi ya kucha ya binti wa mzee: WASHA, ZIMA, YENYEWE.

Baada ya hapo wakaja wengi. Nilichokuja kugundua ni kwamba kazi ngumu haikuwa waya, ilikuwa madereva. Dereva wa kwetu akiona feni imewaka bila yeye kugusa, anashtuka. Akiona haijawaka, anashtuka zaidi. Wengi walikuwa wameshatoa themostati, wameshabadilisha kizibo cha rejeta kwa kizibo cha chupa kilichofungwa kwa mpira, halafu wanakuja kuniambia, "Fundi, piga dairekti." Dairekti ni feni iunganishwe moja kwa moja, gari likiwaka nayo iwake, basi. Ni rahisi, ni bei ndogo, na mota inakufa kabla ya wakati wake. Usiku, taa zote zikiwaka na injini ikilala, alteneta ya zamani inashindwa kulisha taa na feni pamoja. Tena gari likikimbia kilomita sitini kwa saa upepo wa barabarani unatosha, feni haina kazi. Inahitajika pale unapopanda polepole na mzigo wa tumbaku, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbung'o, na nyasi kavu zimeziba rejeta.

Miaka ya dairekti hasa ilikuwa baada ya 2010. Maombi ya uraia wa Tanzania ya watu zaidi ya 160,000 yalikuwa yamekubaliwa, lakini ilisemekana makazi yatafungwa na tutatawanywa mikoani. Hakuna aliyepaka nyumba rangi. Hakuna aliyepanda mwembe. Na hakuna aliyetaka relei mbili. "Tunahama, fundi. Piga dairekti tu." Nilipiga. Nilipiga nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na kila moja niliifichia fyuzi ndani ya soksi ya mpira ili angalau isiwake moto.

Vyeti vya uraia vilianza kutolewa mwishoni mwa 2014, na hatukuhamishwa. Nilipopata changu nilipanda lile lile Land Rover la mzee kwenda Mpanda kununua relei, sikuomba karatasi ya mtu. Mzee alikuwa ameshafariki, anaendesha mwanawe. Tulipofika kijitoni maji yalikuwa ya kahawia na yamejaa. Kijana hakuniangalia. Alinyoosha kidole, akashusha swichi hadi katikati, pale herufi zilipokuwa zimefutika zote isipokuwa Z, akaingiza gari majini polepole. Feni ilikuwa kimya. Ng'ambo, matope yakitiririka kwenye bampa, akasubiri kidogo rejeta ichuruzike, kisha akaisukuma chini kabisa.

"Baba alisema lazima nihesabu mpaka ishirini," akasema, na kabla sijamjibu feni ikaanza kuvuma yenyewe.